Sheria Haikutaja Rangi, Lakini Kazi Ziligawanyika kwa Rangi

Mwaka 1946, ofisi za ajira za serikali katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, zilikuwa zikiwatafutia kazi askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kufikia Oktoba mwaka huo, askari wapatao 6,500 walikuwa wameshapangiwa kazi zisizo za shambani. Kazi zilizohitaji ujuzi, asilimia 86 walipewa Wazungu. Kazi za sulubu zisizohitaji ujuzi wowote, asilimia 92 walipewa Weusi. Wote walikuwa wamevaa sare ya jeshi moja, na wote walihudumiwa chini ya sheria moja, ile aliyoitia saini Rais Franklin Roosevelt Juni 1944 na ambayo Wamarekani mpaka leo wanaiita GI Bill.

Isome sheria hiyo toka juu hadi chini, hutakuta mahali palipoandikwa kwamba Mweusi apewe kidogo. Iliahidi ada ya chuo, mafunzo ya ufundi, dhamana ya mkopo wa nyumba na posho ya kipindi cha kutafuta kazi, na iliahidi hayo kwa kila askari ambaye hakufukuzwa jeshini kwa aibu. Basi pengo lile lilitoka wapi?

Mjadala wa usawa wa rangi katika mafunzo ya kazi na mipango ya uchumi ya serikali ya Marekani unachanganya watu kwa sababu wengi wanalitafuta jibu kwenye maneno ya sheria. Anayesema hakuna ubaguzi ananyoosha kidole kwenye sheria: oneni, haimtaji mtu. Anayesema ubaguzi upo ananyoosha kidole kwenye takwimu. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana hawaelewani. Kilicho katikati ya sheria na takwimu ni utaratibu: nani anaendesha ofisi, mwombaji anatakiwa awe na nini kabla hajapokelewa, anaelekezwa kwenye fani ipi, na mpango unahesabiwa umefanikiwa kwa kipimo gani. Huko ndiko rangi ilikopita kwa karibu karne nzima, na huko ndiko inakopaswa kutafutwa leo.

Ofisi zilivyoachwa mikononi mwa wenyeji

Turudi Mississippi. Mwenyekiti wa kamati ya Bunge iliyoshughulikia maslahi ya askari wa zamani alikuwa John Rankin, mbunge wa jimbo hilohilo na mtetezi wa wazi wa utengano wa rangi. Alishikilia kwamba fedha zitoke Washington, lakini uendeshaji uwe wa majimbo na wa wenyeji. Jambo hilo linasikika kama suala la kiutawala tu. Maana yake kwa askari Mweusi wa Mississippi ilikuwa kwamba mshauri wa ajira atakayemkuta mezani ni Mzungu wa mji uleule aliouacha alipokwenda vitani, mwenye mazoea yaleyale.

Mafunzo ya kazini nayo yalitaka mwajiri akukubali kwanza ndipo serikali ilipe posho. Kusini, mwajiri wa kumpokea kijana Mweusi ajifunze ufundi umeme alikuwa adimu. Mikopo ilidhaminiwa na serikali lakini ilitolewa na benki, na benki ilikuwa na hiari ya kukataa. Jarida la Ebony lilichunguza miji 13 ya Mississippi mwaka 1947: katika mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo, iliyokwenda kwa Weusi ilikuwa miwili. Wanauchumi waliopima matokeo miaka mingi baadaye walikuta kwamba sheria hiyo iliinua elimu ya askari Wazungu na ya Weusi waliozaliwa kaskazini, lakini kwa Weusi waliozaliwa kusini haikuleta tofauti ya maana. Sheria ileile, askari walewale, matokeo yakatofautiana kulingana na nani aliyekaa ofisini.

Hata sheria inayokataza ubaguzi waziwazi haikutosha. Mwaka 1933, ilipoanzishwa kambi ya kazi kwa vijana iliyoitwa Civilian Conservation Corps, Oscar De Priest wa Chicago, mbunge Mweusi pekee wakati huo, aliingiza kifungu kilichokataza kumbagua mtu kwa rangi au imani. Kifungu kilipita. Lakini waendeshaji waliwawekea Weusi kikomo cha takriban asilimia 10 ya nafasi, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo sehemu yao katika idadi ya watu, ingawa ukosefu wa kazi ulikuwa umewapiga kuliko wengine. Na mwaka 1935 mkurugenzi wake, Robert Fechner, akaamuru kambi zitengwe kwa rangi.

Aliyeuona mlango wa mafunzo mapema kuliko wengi ni A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni. Mwaka 1941 viwanda vya silaha vilikuwa vikiajiri kwa maelfu na Weusi wakiachwa nje. Randolph akatishia kuingiza watu 100,000 barabarani Washington. Juni 25 mwaka huo Roosevelt akatoa Amri ya Rais namba 8802 iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi, na amri hiyo ilitaja kwa jina mipango ya serikali ya mafunzo ya ufundi. Randolph alielewa kwamba kazi ya kiwandani inaanzia darasani, na kwamba mtu asiyeruhusiwa kujifunza kuchomelea vyuma atakataliwa kesho kwa sababu hajui kuchomelea vyuma, na hakuna atakayeitwa mbaguzi.

Kanuni isiyo na rangi na mtambo wa Dan River

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi kazini na katika kila mpango unaopokea fedha za serikali kuu. Sehemu inayohusu ajira ilianza kutumika Julai 2, 1965. Siku hiyohiyo kampuni ya umeme ya Duke Power, katika mtambo wake wa Dan River huko North Carolina, ilianza kudai mitihani miwili kwa mwajiriwa mpya yeyote anayetaka kazi nje ya kitengo cha vibarua. Kabla ya hapo Weusi waliruhusiwa kufanya kazi kwenye kitengo cha vibarua tu, ambako kazi yenye mshahara mkubwa kuliko zote ililipa chini ya kazi yenye mshahara mdogo kuliko zote kwenye vitengo vingine. Kampuni ilikuwa tayari inadai cheti cha sekondari kwa vitengo hivyo. Kwa sensa ya 1960, wanaume Wazungu wa jimbo hilo waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 34. Weusi walikuwa asilimia 12.

Vibarua 13 Weusi walikwenda hadi Mahakama ya Juu. Machi 1971, katika kesi inayojulikana kama Griggs, majaji wote walioisikiliza waliamua kwa kauli moja kwamba kipimo kinachowaengua watu wa rangi moja kuliko wengine ni haramu kama mwajiri hawezi kuonyesha kinahusiana na kazi yenyewe, hata kama hakukusudia kubagua. Hoja ya mahakama, kwa ufupi, ilikuwa kwamba sheria inaangalia matokeo ya kanuni, wala haiishii kwenye nia ya aliyeitunga. Kwa maoni yangu hakuna hukumu nyingine inayoeleza mada hii vizuri kuliko hiyo. Wazungu wengi waliokuwa wameajiriwa zamani bila cheti waliendelea na kazi zao vizuri kabisa, na hilo peke yake lilionyesha kuwa cheti hakikuwa kinapima uwezo wa kuendesha mtambo.

Wakati huohuo, serikali ilikuwa inahangaika na vyama vya mafundi ujenzi. Kwenye fani zenye malipo mazuri, kama ufundi bomba, ufundi umeme na ufundi vyuma, njia ya kuingia ni uanagenzi: kijana anafundishwa akiwa kazini huku analipwa, kwa miaka mitatu hadi mitano, na akimaliza anakuwa fundi kamili. Nafasi hizo zilirithiwa. Baba alimwingiza mwanawe, mjomba akamwingiza mpwawe. Philadelphia ilikuwa na wakazi Weusi karibu theluthi moja, lakini katika fani hizo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1969 serikali ya Richard Nixon, kupitia Arthur Fletcher, Mmarekani Mweusi aliyekuwa naibu waziri wa kazi, ilianzisha Mpango wa Philadelphia: mkandarasi anayetaka zabuni kubwa ya serikali kuu aweke malengo ya kuajiri Weusi katika fani hizo na muda wa kuyafikia. Msingi wake ulikuwa Amri ya Rais namba 11246 ya mwaka 1965, aliyoitoa Lyndon Johnson. Amri hiyo iliishi miaka 59. Donald Trump aliifuta Januari 21, 2025.

Uanagenzi bado ni mfano mzuri wa jinsi mlango unavyoweza kufunguliwa na pengo likabaki. Weusi leo wamo katika uanagenzi unaosajiliwa na serikali, lakini uchambuzi wa takwimu za serikali umeonyesha kwamba wanapomaliza mishahara yao iko chini kuliko ya makundi mengine. Sababu moja kubwa ni fani: nani amepelekwa kwenye umeme wa viwandani, nani kwenye kazi za kuhudumia wagonjwa na wazee. Ukihesabu vichwa tu, mpango unaonekana mzuri. Ukiuliza kila kichwa kimekwenda wapi, hadithi inageuka.

Mpango wa leo unavyofanya kazi

Mafunzo ya kazi ya serikali kuu ya Marekani leo yanaongozwa zaidi na sheria ya mwaka 2014 inayojulikana kwa kifupi chake, WIOA. Ilichukua nafasi ya sheria ya 1998, ambayo nayo ilirithi ile ya 1982. Fedha zake za msingi kwa watu wazima, vijana na walioachishwa kazi ni takriban dola bilioni 3 kwa mwaka, kiasi kidogo kwa nchi yenye wafanyakazi zaidi ya milioni 160. Zinagawanywa kwa majimbo, na majimbo yanazipeleka kwa bodi za maeneo, ambazo kwa mujibu wa sheria wajumbe wake walio wengi lazima watoke upande wa wafanyabiashara. Mwananchi anakwenda kwenye kituo cha ajira, anakutana na mshauri, na hapo ndipo njia zinapogawanyika. Wengine wanasaidiwa kuandika wasifu na kuonyeshwa matangazo ya kazi, basi. Wengine wanalipiwa mafunzo, na hao ni wachache. Wanaolipiwa wanachagua chuo kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa na jimbo.

Hakuna mshauri anayeruhusiwa kuuliza rangi kama sharti la huduma. Kifungu cha 188 kinakataza ubaguzi wa kila aina, na sheria inaagiza kwamba, kwa mafunzo ya watu wazima, wapewe kipaumbele wanaopokea msaada wa umma, wenye kipato cha chini na wenye upungufu wa stadi za msingi. Kwa maneno, ni sheria nzuri, na sina sababu ya kudhani kwamba walioitunga walikuwa na nia mbaya.

Sasa angalia kipimo. Mpango unahesabiwa umefaulu kwa kuangalia ni wangapi walikuwa na kazi katika robo ya pili na robo ya nne ya mwaka baada ya kuondoka, walikuwa wanalipwa kiasi gani, wangapi walipata cheti. Bodi ikianguka kwenye vipimo hivyo inaingia matatani. Jiweke kwenye kiti cha mshauri mwenye nafasi kumi za mafunzo na waombaji hamsini. Utamchukua nani? Utamchukua yule ambaye waajiri watampenda.

Na waajiri wanampenda nani? Hapo tuna ushahidi mzito. Wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kubuni upatao 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, nusu ukiwa na majina ambayo Wamarekani huyahusisha na Wazungu, kama Emily na Greg, nusu ukiwa na majina kama Lakisha na Jamal. Matokeo waliyochapisha 2004 yalionyesha kwamba majina ya Kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi, kwa sifa zilezile. Mwaka mmoja kabla, mwanasosholojia Devah Pager alichapisha majaribio yake ya Milwaukee, ambako vijana halisi waliomba kazi wakiwa na historia zinazofanana. Mzungu aliyesema amewahi kufungwa aliitwa tena kwa asilimia 17. Mweusi ambaye hajawahi kufungwa aliitwa kwa asilimia 14.

Unganisha hayo mawili. Mpango haubagui, lakini unapimwa kwa uamuzi wa waajiri wanaobagua. Ubaguzi wa sokoni unaingia ndani ya mpango kupitia fomu ya tathmini, na mshauri mwenye moyo safi kabisa, ambaye pengine yeye mwenyewe ni Mweusi, anaufanyia kazi bila kutamka neno lolote kuhusu rangi. Wanauchumi wamekuwa wakijadili tabia hii ya kuchagua waombaji rahisi tangu enzi ya sheria ya 1982, na WIOA ilijaribu kuipunguza kwa kuagiza malengo yarekebishwe kitakwimu kulingana na hali ya watu wanaohudumiwa na hali ya uchumi. Ni hatua ya kweli. Lakini shinikizo halijaondoka, kwa sababu mshauri haoni hesabu za kitakwimu. Anaona robo ya pili inakaribia.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye fomu yoyote: akiba. Kwa takwimu za benki kuu ya Marekani za mwaka 2022, familia ya Kizungu ya kati, yaani ile ambayo nusu ya familia zinaizidi na nusu ziko chini yake, ilikuwa na mali ya thamani ya dola 285,000, na familia ya Weusi ya kati dola 44,900. Mafunzo ya miezi kumi yanaweza kulipiwa ada yote, lakini mwanafunzi anakula nini miezi hiyo kumi? Nani anamwangalia mtoto? Gari likiharibika wiki ya tatu, analitengeneza kwa fedha ya nani? WIOA inaruhusu kulipia usafiri na malezi ya watoto, ila hailazimishi, na fedha zikipungua hayo ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwenye mzazi wa kumkopesha dola 800 anamaliza mafunzo. Asiye naye anaacha, na kwenye ripoti anaandikwa kwamba hakukamilisha.

Fedha za biashara zilikopita

Upande wa kukuza uchumi una mkondo huohuo, na mfano wake mkali ni wa juzi tu. Aprili 2020, kwenye janga la korona, serikali ilitoa dola bilioni 349 za mikopo ya kusamehewa ili biashara ndogo zisifukuze wafanyakazi. Zilipitishwa kwenye mabenki, nayo mabenki yalianza na wateja yaliyokuwa nao. Fedha ziliisha ndani ya siku 13. Biashara za Weusi, ambazo nyingi hazikuwa na uhusiano wa mkopo na benki yoyote na nyingine ni za mtu mmoja, zilikuta dirisha limefungwa. Mwezi Februari 2021 serikali ya Joe Biden ilitenga wiki mbili za kupokea maombi ya biashara zenye wafanyakazi chini ya 20 pekee, na ikabadili fomula ili mfanyabiashara wa peke yake akadiriwe kwa mapato ghafi badala ya faida. Hakuna kati ya mabadiliko hayo lililotaja rangi. Yaligusa mahali penyewe palipokuwa pameziba.

Kinyume chake ni misamaha ya kodi kwa maeneo maskini, iliyoanzishwa Desemba 2017. Magavana walichagua maeneo 8,764, na mwenye mtaji akiwekeza humo anapunguziwa kodi. Mpango ulinadiwa kama mkombozi wa mitaa ya Weusi. Lakini anayefaidika kwanza ni mwenye faida ya mtaji ya kuwekeza, na sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye majengo. Mkazi wa mtaa hakuwekewa haki yoyote ya kupata kazi kwenye jengo linalopanda mbele ya nyumba yake. Mwaka 2025 mpango huo ulifanywa wa kudumu.

Mahakama zilivyofunga njia ya moja kwa moja

Kwa miongo mingi kulikuwa na njia nyingine: kutaja rangi waziwazi na kutenga fungu. Mji wa Richmond, Virginia, ambao nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi, ulikuta kwamba kati ya 1978 na 1983 biashara za Weusi na jamii nyingine za wachache zilipata asilimia 0.67 tu ya zabuni kuu za mji. Ukaagiza asilimia 30 ya thamani ya kila mkataba wa ujenzi iende kwa wakandarasi wadogo wa jamii hizo. Mahakama ya Juu iliufuta utaratibu huo mwaka 1989 katika kesi ya Croson, na mwaka 1995 ikasema kipimo hichohicho kikali kinaihusu pia serikali kuu: ukitaja rangi, uthibitishe ubaguzi mahsusi unaourekebisha, na usivuke mpaka wa ubaguzi huo.

Baada ya hukumu ya Juni 2023 iliyozuia vyuo kuzingatia rangi katika udahili, mipango mingine iliyotaja rangi ilianguka upesi. Julai mwaka huo jaji wa Tennessee alizuia mpango wa zabuni za serikali kuu kwa biashara ndogo za watu waliowekewa vikwazo, unaoitwa 8(a), usiendelee kudhani moja kwa moja kwamba Mweusi au Mlatino amepata vikwazo vya kijamii. Waombaji wakatakiwa waandike historia zao mmoja mmoja. Machi 2024 jaji wa Texas akasema vivyo hivyo kuhusu shirika la kukuza biashara za jamii za wachache lililoanzishwa na Nixon mwaka 1969. Na Aprili 2025 Trump akatoa amri inayoziagiza idara za serikali ziache, kadiri inavyowezekana, kusimamia kanuni ya matokeo, ile ile iliyozaliwa na kesi ya Griggs.

Wanaopinga mipango ya rangi wana hoja inayostahili kusikilizwa. Mwaka 2021 mfuko wa dola bilioni 28.6 wa kuokoa migahawa uliwapa kipaumbele wanawake, askari wa zamani na jamii zilizobaguliwa katika siku 21 za kwanza. Mmiliki Mzungu wa mgahawa mdogo huko Tennessee, aliyemiliki nusu na mkewe wa asili ya Kilatino, alikwenda mahakamani na akashinda. Yeye pia alikuwa amefungiwa biashara na korona. Kumwambia mtu wa namna hiyo angoje kwa sababu ya rangi yake, huku mfuko unaweza kuisha, ni jambo gumu kulitetea mbele yake.

Lakini sikubaliani na hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa rangi haiwezi kuwa sharti, basi isihesabiwe kabisa. Ukosefu wa ajira wa Weusi Marekani umekuwa takriban mara mbili ya ule wa Wazungu kwa muda mwingi tangu takwimu hizo zianze kuchapishwa kila mwezi mwaka 1972, katika miaka mizuri na mibaya. Bila kuhesabu nani ameingia, amesomea nini na ametoka na mshahara gani, Duke Power ingekuwa sahihi na vibarua wake wangekuwa walalamishi tu.

Kuna mpango mmoja unaoonyesha kinachowezekana bila kutaja rangi. Mwaka 1990 kampuni ya Levi Strauss ilifunga kiwanda chake San Antonio, Texas, na kuwaacha bila kazi zaidi ya wafanyakazi 1,000, wengi wao wanawake wenye asili ya Meksiko. Mashirika ya jamii yanayofanya kazi kupitia makanisa, COPS na Metro Alliance, yaliwabana viongozi wa mji na waajiri mpaka ukazaliwa Project QUEST. Inapeleka watu kwenye vyuo vya kati kusomea hasa uuguzi na kazi nyingine za afya, inalipia vitabu, usafiri na malezi ya watoto, inawapa masomo ya kufidia hesabu na Kiingereza, na kila wiki wanakutana na mshauri. Utafiti uliowagawa waombaji kwa bahati nasibu ulikuta kwamba katika mwaka wa tisa waliopita humo walikuwa wanapata zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka kuliko wenzao waliokosa nafasi. Ni nadra sana kuona mafunzo ya kazi yenye matokeo yanayodumu hivyo. Waliosoma wengi walikuwa wanawake wa Kilatino, kwa sababu mpango ulizaliwa mtaani kwao na ukalipia vitu vilivyokuwa vikiwakwamisha.

Wasemaji wa Kiswahili wamo ndani

Wasomaji wengi wana ndugu wanaohusika na haya moja kwa moja. Tangu 2016 Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wakitokea kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, mpaka upokeaji uliposimamishwa Januari 2025. Kwenye takwimu za kituo cha ajira, mama wa Kikongo aliyefika mwaka 2024, muuguzi kutoka Kenya na Mmarekani Mweusi ambaye babu zake walikuwa watumwa Georgia wanawekwa kwenye kisanduku kimoja. Mwongozo mpya wa serikali wa Machi 2024 uliongeza visanduku vya ndani, na mifano yake kwa Weusi ni Mmarekani mwenye asili ya Afrika, Mjamaika, Mhaiti, Mnaijeria, Mwethiopia na Msomali. Mkongo itabidi ajiandike mwenyewe. Asipojiandika, wastani wa wote unaficha shida yake, na shida ya Mmarekani Mweusi inafichwa na nesi wa Kenya mwenye shahada.

Mkimbizi ana kikwazo kingine, nacho ni haraka. Mipango yake imejengwa juu ya kazi ya kwanza inayopatikana, mara nyingi kiwanda cha nyama au ghala. Msaada wa fedha kwa wakimbizi wasio na watoto uliokuwa miezi 12 ulipunguzwa kuwa minne kuanzia Mei 2025. Katika miezi minne hakuna anayejifunza Kiingereza cha kumwezesha kusomea ufundi umeme.

Amri ya mwaka 2000 iliyozihimiza idara kuwahudumia wasiojua Kiingereza ilifutwa Machi 2025, Kiingereza kilipotangazwa lugha rasmi. Sheria ya 1964 na kifungu cha 188 cha WIOA, hata hivyo, ni sheria za Bunge na hazijafutwa. Kwa hiyo ndugu yako akienda kituo cha ajira, aombe mkalimani wa Kiswahili bila malipo badala ya kumtumia mtoto wake wa shule. Aulize kama anafikiriwa kwa mafunzo yanayolipiwa au anaonyeshwa matangazo ya kazi tu. Aulize usafiri na malezi ya mtoto vinaweza kulipiwa na fungu lipi. Akiona amenyimwa kwa sababu ya rangi au nchi aliyotoka, ana siku 180 za kupeleka malalamiko kwa afisa wa usawa wa eneo lake au kwa kitengo cha haki za kiraia cha Wizara ya Kazi, na aweke tarehe na jina la kila aliyemhudumia kwa maandishi.